Kipepeo cha Mtu Mmoja

Tusekile alipiga magoti kwenye udongo mkavu wa Usangu, akapapasa nyufa kwa vidole akitafuta ufa wenye kina cha kutosha kigingi. Ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi. Saa nne chungu kingefunikwa, na kisingefunuliwa mpaka saa kumi. Watu wa bondeni hawakuwa na jina jingine la saa hizo sita. Aliyekutwa nje wakati chungu kimefunikwa aliiva, na waliosema hivyo hawakuwa wakitania.

Mahali penyewe hapakuwa pabaya. Tuta la jaruba la zamani lilikinga upepo wa magharibi, na kichuguu kirefu kilisimama hatua kumi pembeni. Bibi yake Tusekile alilima mpunga kwenye mbuga hii hii, akitembea ndani ya maji ya magotini na kulalamika kwamba ruba wanammaliza. Leo ukimtajia mtoto ruba, atakuuliza ni mnyama mkubwa kiasi gani.

Alichomoa turubai lake kifuani. Likikunjwa lilienea ndani ya kiganja kilichofumbwa, na ukilirusha hewani lilichukua muda kuamua kama linataka kushuka. Ndiyo maana watu waliliita kipepeo. Alilitandaza, mgongo kwenye tuta, akapigilia vigingi viwili vya nyuma kwa kuvilaza kidogo, vichwa vikitazama mbali na kitambaa ili kamba ikivuta visichomoke. Kisha akauchukua mkongojo wake, akazungusha viungo vyake vitatu, akaurefusha mpaka alama ya mia na kumi na tano, akakaza. Mpini ukaingia kwenye tundu la kilele lililoshonwa mara tatu. Ncha ya chuma ikasimama juu ya ardhi. Kamba ya mbele aliivuta kwa fundo la kukaza, akalipiga kidole. Lililia kama ngoma ndogo.

Hapo aliziamsha nyuzi za kitambaa, kwa kuzijaribu. Kitambaa kiligeuka kuwa cheupe, kikaanza kulitupa joto lake angani, na chini yake pakapoa; akazilaza tena mpaka saa nne. Shingoni mwa mkongojo pete saba za mwanga zilikuwa zimewaka zote. Pete moja ni saa moja ya baridi. Ndani ya mkongojo mna jiwe ambalo kila kishindo cha ncha ardhini hulikamua na kuliachia chembe ya nguvu, na mwendo wa jioni mpaka asubuhi humpa mtu mzima pete saba. Unatembea ili upate kupumzika. Kambini walizoea kusema kwamba mvivu wa siku hizi hasubiri Siku ya Hukumu, anahukumiwa kila siku saa nne.

Nyuma yake, hatua kama thelathini, mtu alikohoa. Tusekile alivuta kitenge chake kikamfunika kichwa na paji la uso.

Huyo alikuwa Mzee Anyosisye, baba wa mume wake. Jina hilo nalitaja mimi ninayesimulia. Tusekile hakuwahi kulitamka kwa miaka tisa ya ndoa, wala hakuwahi kuuona uso wa mwenye jina. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake, halali naye chini ya paa moja, na akiitwa naye haitikii. Zamani za mabasi na simu mwiko huu ulikuwa umelegea mpaka watu wakausahau. Joto lilipowasukuma kambini, wakalala familia tano kwenye ghala moja la mpunga, wazee waliona hakuna kilichobaki cha kuwatenganisha watu na mbuzi isipokuwa adabu. Waliufufua mwiko, wakaukaza kuliko walivyoukuta. Baba mkwe aliweza kuufungua kwa kumpa mkamwana wake ng'ombe mmoja, lakini ng'ombe wa mwisho wa Usangu alikufa kabla Tusekile hajavunja ungo.

Safari hii walipaswa kuwa watatu. Wifi yake, Bupe, ndiye angekaa katikati, apeleke maneno huku na huku na kumhudumia baba yake. Siku mbili kabla ya kuondoka Bupe alivunjika kifundo cha mguu akichota tope la mwisho la kisima, akabaki ili abebwe na kundi la nyuma. Kuwasubiri kulimaanisha kunywa wasichokuwa nacho. Gwakisa, mume wa Tusekile, alikuwa amepata nafasi tatu kule juu Matamba, kwenye ubaridi, ya mkewe, ya dada yake na ya baba yake. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: *Nakusubiri kona ya kwanza. Niletee baba.*

Basi Tusekile alitembea mbele na mzee nyuma, siku mbili, akimjua kwa kikohozi.

*

"Mkongojo," Tusekile aliuambia mkongojo wake, "mwambie baba aache mzigo wake hapo, apumzike nyuma ya kichuguu, nimtandazie."

Hivyo ndivyo walivyozungumza. Siku ya kwanza alikuwa ameona haya, akajihisi mwehu anayesema na kijiti. Siku ya pili alishazoea.

Alisikia viatu vikiburuzwa, mzigo ukiwekwa chini, kisha sauti ya mzee ikitoka nyuma ya kichuguu, nzito na yenye vumbi. "Kichuguu, mwambie mwanangu asijichoshe. Amelala mara ya mwisho lini?"

"Mkongojo, mwambie baba nimelala jana."

"Kichuguu, huyo anadanganya."

Tusekile alitabasamu ndani ya kitenge. Alimpenda mzee huyu, kama mtu anavyoweza kupenda kikohozi na utani. Alirudi nyuma akitazama chini, akaufikia mzigo, akauokota mkongojo wa mzee uliokuwa umelazwa juu yake.

Pete moja tu ilikuwa inawaka.

Aliupiga kwa kiganja, akadhani taa zimekufa. Akaangalia tena, ile moja ikamtazama. Akaugeuza, na chini kabisa, juu ya ncha, aliiona kofia ya raba. Nyeusi, mpya, imekazwa vizuri kama ilivyotoka kwenye karakana ya kambi, ambako yeye mwenyewe alikuwa fundi. Mikongojo yote huvishwa kofia hiyo ikiwa ghalani, ili isigongane na kujijaza bure. Raba hunywa kishindo chote. Kuuvua mkongojo kofia ni jambo la kwanza anayeukabidhi humwonyesha anayekabidhiwa. Lakini Tusekile alikuwa ameuegemeza ukutani na kuondoka, kwa kuwa kukabidhi ni mkono kwa mkono, na Bupe angemweleza njiani.

Siku ya kwanza mzee alikuwa amelala chini ya daraja la zamani pamoja na wasafiri wengine, kwenye zege lenye kivuli kinene, na kipepeo chake hakikukunjuliwa. Pete ile moja ilikuwa ya majaribio ya karakana. Mzee alikuwa ametembea siku mbili akiupiga mkongojo chini kwa bidii zote, na bidii zote ziliingia kwenye raba. Fundi wa vipepeo alikuwa mbele yake hatua thelathini. Angegeuka mara moja tu angeiona.

"Mkongojo," alisema, "muulize baba kama aliona kofia nyeusi kwenye ncha."

"Kichuguu, mwambie niliiona. Nilidhani ni kiatu chake. Nikasema, vijana wa siku hizi wana heshima, hata fimbo wameivisha kiatu."

Tusekile alikaa chini. Saa ya mkononi ilisema saa tatu na dakika ishirini.

Pete saba zake na moja ya mzee, jumla nane. Vipepeo viwili kwa saa sita vinataka kumi na mbili. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza, na aliirudia mara tatu kama vile namba zingemwonea huruma.

Lililomuuma zaidi halikuwa namba. Miaka minne iliyopita vipepeo vilikuwa vipana, vya watu wawili, na kimoja kilikula pete moja kwa saa vilevile, maana kinacholiwa ni kule kuziamsha nyuzi. Upana haukugharimu kitu. Lakini njiani watu hawachagui wa kulala naye. Mkwe alijikuta ubavuni mwa mkwe, na malalamiko yakafika kwa wazee. Wazee walikuja karakana. Tusekile alikuwa ndani, na mmoja wao, baba mkwe wake, alimtuma Bupe neno kutoka nje ya ukuta, kwa sauti nzito: je, fundi wetu hawezi kutuondolea aibu hii? Fundi aliweza. Alikata kila kipepeo katikati kwa waya wa moto, akaziba kingo zisifumuke, na kila msafiri akapata chake, chepesi nusu ya kile cha kwanza. Kambi nzima ilimsifu. Baba mkwe alimtumia kitenge, hiki hiki alichojifunika.

Kingo zilizozibwa kwa moto hazishonwi porini. Na kipepeo cha mtu mmoja ni cha mtu mmoja. Alikipima mwenyewe mabega kwa mabega. Ukiingiza wawili, nusu ya kila mwili inabaki nje, na nusu ikiiva mtu mzima amekufa.

Lilimjia wazo la kumwachia mzee kipepeo chake na pete zake zote. Lilikuja, likasimama mlangoni, na Tusekile hakulikaribisha. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Alitaka kuishi, na aliona aibu kwamba alilitaka hilo kwa nguvu kiasi kile.

Alichofanya ni kile ambacho mafundi hufanya wasipojua la kufanya: alifungua kifuko cha zana. Mlikuwa na waya mwembamba wa kupimia, hatua sita. Aliusimamisha mkongojo wa mzee hatua tano kutoka kwa wake, akakikunjua kipepeo cha pili, akakipigilia haraka haraka kichwa kikiwa kimefunikwa, akiona vidole vyake na udongo tu. Kigingi cha tatu kiliingia kwenye ufa kirahisi kuliko inavyotakiwa. Alikisikia kikiingia kirahisi. Lakini mzee alikuwa ameshakohoa mara mbili kwa joto, na jua lilikuwa linapanda, naye akasema kitashika. Saa nne ilipofika aliunganisha kwa waya shingo ya mkongojo mmoja na shingo ya mwingine, akaziamsha nyuzi. Pete nane sasa zilinyonywa na vipepeo viwili: saa nne za baridi. Zingewafikisha saa nane mchana, wakati chungu kiko kwenye mchemko wake mkuu, na saa mbili bado zimebaki.

Labda lingepita wingu. Mara ya mwisho wingu kupita Usangu mwezi huu, hakuna aliyekumbuka.

"Mkongojo, mwambie baba aingie."

Aligeuka kando. Alimsikia mzee akitambaa, magoti yakilia, kisha akishusha pumzi ndefu ya mtu aliyefikiwa na ubaridi.

"Kichuguu," sauti ilisema kutoka chini ya kitambaa, "muulize mwanangu. Huu waya ni wa nini? Itatosha?"

Tusekile aliutazama mkongojo wake.

"Mkongojo, mwambie baba itatosha."

*

Saa sita kamili ilimkuta amelala chali, mikono imebanwa ubavuni. Nje ya ukingo wa kitambaa hewa ilikuwa inacheza juu ya udongo, na ukinyoosha kidole kikatoka nje unakirudisha upesi. Pete nne zilikuwa zimezimika, nne zilikuwa zinawaka. Mara mojamoja mzee alikohoa, na Tusekile alishukuru kila kikohozi.

Kisulisuli kilianzia mbali, upande wa barabara ya zamani, kikaja kikizunguka na nguzo yake ya vumbi. Alikisikia kikipanda tuta. Kipepeo chake kilitetemeka, kamba ikalia, vigingi vyake vikashika. Kisha upande wa pili, pah, kama kofi, na baada ya hapo kitambaa kilianza kupigapiga hewani bila kukoma. Kigingi cha tatu kilikuwa kimeng'oka. Mkongojo wa mzee ulianguka na waya ukachomoka nao. Tusekile aliuona ukilegea mchangani mbele ya pua yake.

Alinyanyua kichwa ili atoke. Mtu mwenye afya aliweza kukaa nje chungu kikiwa kimefunikwa kwa dakika kumi kabla miguu haijamsaliti, na kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tatu. Kigingi kwenye ufa mwingine, mkongojo tunduni, waya shingoni. Alishaipanga yote kichwani. Ndipo jicho lake likaangukia kwenye pete.

Zilikuwa nne, na sasa zilikuwa za kipepeo kimoja. Kutoka saa sita mpaka saa kumi ni saa nne.

Sitaki mtu aseme kwamba Tusekile alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na roho kama yako, na hesabu ilikuwa imemkalia sawasawa. Akitoka, akaunganisha waya, wote wawili wangefika saa nane, na saa nane wangekufa wote wawili, mzee kwanza na yeye nusu saa baadaye. Akibaki, mmoja angeuona ubaridi wa Matamba. Mtu yeyote wa karakana angekwambia jibu ni lipi, na angekwambia bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. Ila mtu huyo wa karakana hangekuwa amelala hatua tano kutoka kwenye kitambaa kile kinachopigapiga.

Alirudisha kichwa chini.

"Mkongojo," sauti ya mzee iliita. "Mkongojo, mwambie mwanangu hema limeanguka."

Mkamwana akiitwa na baba mkwe haitikii, hutuma neno kwa kitu. Tusekile alifungua mdomo autume mkongojo, na hakuona la kuutuma. Neno "itatosha" alikwishalisema.

"Mkongojo, nimejaribu kulisimamisha. Mikono haina nguvu."

Kitambaa kilipigapiga. Kisha kikaacha, nadhani mzee alikuwa amekikamata na kukilalia.

Akajiambia: siwezi kuingia kwake. Nikitoka nitamwona, nitamshika, nitalala karibu naye, na mwiko ni mwiko. Alijiambia maneno hayo polepole, moja baada ya jingine, na yalimkaa mwilini vizuri kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Hata alishangaa. Miaka tisa mwiko ule ulikuwa umemsumbua, ukimzungusha nyuma ya maghala na kumlaza nje kwenye misiba, na leo ulikuwa umekuja kumfaa.

Mzee aliposema tena, sauti ilikuwa karibu zaidi na ardhi.

"Mkongojo," alisema, "mwambie asihofu. Nimejifunika uso. Nimejifunika koti uso wote, sioni, na yeye hatauona wangu. Aje tu."

Tusekile alifumba macho. Sasa hapakuwa na mwiko. Mzee alikuwa ameukunja mwenyewe na kuuweka kando, na zilibaki pete nne na mwanamke aliyelala chini yake. Alitamani mzee asingesema vile. Alimchukia kwa kusema vile, na chuki hiyo ilikuja na machozi, na machozi yalikauka yakiwa bado kwenye kope.

Hakwenda.

Saa saba kasoro dakika chache mzee aliita mara ya mwisho. Hakuuita mkongojo wala kichuguu. Alisema, "Tusekile." Alilitamka vizuri, kama mtu ambaye amekuwa akilijua siku zote, na kwa sauti isiyo na hasira, ya kuuliza tu kama yupo.

Tusekile alikuwa ameuma kitenge. Aliendelea kukiuma mpaka saa kumi, na pete ya mwisho ilizimika dakika mbili baada ya chungu kufunuliwa, kama alivyokuwa amepiga hesabu.

*

Alimkuta amelala kifudifudi juu ya kitambaa chake, koti zito la sufu limefunika kichwa, mikono yote miwili imeshikilia kingo zake ili lisifunuke. Mtu anayekufa kwa joto hujivua mpaka ngozi. Mzee alikuwa amelishikilia koti mpaka mwisho.

Hakulifunua. Angeweza sasa kumtazama kadiri alivyotaka, maana maiti haina mkwe, na hakulifunua. Alivuta mawe kutoka kwenye tuta, akamzungushia, akamfunika kwa kipepeo chake na kukibana kwa vigingi vyake vyote, akavipigilia hadi mikono ikachubuka. Kisha akaondoka na mkongojo wake, akiupiga chini.

Giza halijaingia alipoifikia kona ya kwanza kati ya zile hamsini na saba zinazopanda Matamba. Gwakisa alikuwa amekaa juu ya jiwe, amevaa sweta. Kumwona mtu amevaa sweta kulimchanganya kwanza. Gwakisa aliinuka akaja mbio na dumu la maji, akamkumbatia, na huku amemkumbatia alikuwa anatazama juu ya bega lake, nyuma, barabarani, hatua thelathini.

"Baba yuko nyuma?"

Tusekile alikunywa. Kule kunywa kulijibu. Gwakisa alimwachia, akakaa tena kwenye jiwe, taratibu.

"Lini?"

"Leo. Kwenye majaruba."

"Kwa joto?"

"Mkongojo wake haukuwa umejaa. Nikaunganisha na wangu kwa waya. Kisulisuli kikang'oa kigingi."

Gwakisa aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayehesabiwa vitu. "Na wewe uliona kinang'oka?"

"Nilisikia."

Tusekile alisubiri swali linalofuata. Alilitaka. Alikuwa amepanda mteremko wote wa mwisho akilitengenezea jibu la kweli, na jibu lilikuwa tayari mdomoni: nilikuwa na pete nne. Kama Gwakisa angeuliza, angelisema lote, na chochote ambacho kingefuata kingefuata.

"Ungefanyaje," Gwakisa alisema, akijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Mkamwana peke yake. Ungeingiaje kwa baba mkwe wako? Hata yeye asingekubali. Ninamjua baba, angekufukuza."

Tusekile alishika dumu kwa mikono miwili.

"Alisema neno lolote?"

Upepo wa juu ulishuka kwenye kona, wa baridi kweli, ukampata shingoni. Alikuwa hajausikia upepo wa namna hiyo tangu utotoni.

"Hapana," alisema.

Gwakisa alilia kidogo, kwa staha, kisha akanyanyuka, akamchukulia mzigo wake na kipepeo chake. Alimshika bega.

"Umemheshimu baba mpaka mwisho," alisema. "Nitawaambia wazee wote huko juu. Wapo watakaouliza, na mimi nitawajibu. Nitawaambia hakuna mkamwana aliyemheshimu baba mkwe kama mke wangu."

Tusekile akasema asante.